Maji niliyatia klorini, ugonjwa ukaingia na kikombe

Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu tangi na mabomba, na mtaani kwetu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, robine (bomba za maji) zikakauka. Tukarudi ziwani. Kila alfajiri vijana walishuka na mabido (madumu ya maji), na pale ufukweni watu wa klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji, waliwatilia kipimo kwa sirinji. Nilingoja nusu saa kama walivyoagiza, ndipo nikamimina kwenye ndoo ya jikoni. Nikaona nimemaliza.

Siku chache baadaye mwanangu wa miaka minne akaanza kuhara. Asubuhi nilidhani ni tumbo la kawaida. Kufika saa sita alikuwa anatoa maji meupe kama yale ya kuoshea mchele, macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo nikiifinya haikurudi upesi. Nilimbeba mbio hadi kituo cha afya, wakasema ni kipindupindu, wakamtundikia serumu (dripu). Usiku aliomba uji, nikalia.

Muuguzi akaniuliza, "Mama, maji mnayachotaje?" Nikaanza kumweleza habari za ziwa na klorini. Akanikatiza kwa upole: "Hapana, mama. Pale nyumbani, kwenye ndoo."

Tulikuwa na kikombe kimoja cha plastiki juu ya kifuniko. Kila mwenye kiu alikizamisha, na vidole vikazama pamoja nacho. Na tulikuwa watu kumi na mmoja, pamoja na ndugu waliokimbia lava, choo kimoja, tena kifupi, maana kuchimba kwenye mawe haya ya volkano ni taabu. Muuguzi alinieleza kwamba mtu anaweza kuwa na kipindupindu tumboni, akakitoa chooni siku kadhaa, naye mwenyewe hahari hata mara moja. Akitoka bila kunawa kwa sabuni, vidole vyake vinatosha. Klorini nayo hupungua nguvu maji yakikaa wazi.

Mama mkwe wangu, aliyeona wakimbizi wa Rwanda wakifa kwa maelfu kwa kipindupindu hapa mwaka 1994, hajawahi kuturuhusu kuzamisha kitu kwenye mtungi wake. Nilidhani ni ukali wa wazee tu.

Kwa hiyo, dada zangu, pesa ya kwanza mkiipata nunueni ndoo yenye robine. Kama haipo, acheni maji ndani ya bido na mmimine. Mdomo wake mwembamba hauingizi mkono. Sabuni ikae mlangoni pa choo, si jikoni tu. Anayefua nguo za mgonjwa anawe kabla ya kushika sufuria.

Na mtoto akianza kuhara hivyo, mpelekeni kituoni mara moja, huku mkimnywesha njiani: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Akitapika, ngojeni dakika kumi, kisha mwendelee kumpa kijiko kimoja kimoja.