Maswali na Majibu: Mkaza Mwana Nyumbani kwa Wakwe

Nimeolewa Lucknow, India, katika nyumba ya wakwe na shemeji zangu. Natoka kazini jioni kisha nasukuma roti (chapati za Kihindi) moja moja huku wengine wakila. Mimi nakula mwisho. Mume anasema nitazoea.

Dada, hapo penye roti ndipo pa kuanzia. Watu watano wakila tatu tatu ni roti 15, na wakitaka kila moja itoke motoni ikiwa imevimba, umesimama jikoni karibu nusu saa wakati wao wamekaa. Kanda unga usiku, upake mafuta kidogo juu, ufunike vizuri na kuuweka kwenye friji. Usipofunika hukauka na kuwa na gamba. Jioni pika zote kabla ya chakula, uzihifadhi kwenye chombo cha kutunza joto kilichotandikwa kitambaa safi. Wengi husahau kitambaa, mvuke unarudi chini, roti zinalowa, na mama mkwe anapata sababu ya kusema za moja moja ndizo roti.

La kukaa mezani pamoja aliseme mumeo kwa mama yake, wewe usiwepo. Likitoka kinywani mwako litasikika kama malalamiko ya mgeni. Naye asiseme tu "msaidieni": ataje kazi, kwa mfano kwamba shemeji mdogo ataandaa saladi na kuosha vyombo vya usiku.

Siku chache baada ya harusi mama mkwe alichukua dhahabu yangu akaiweka katika sanduku lake la benki. Nitaidai vipi bila ugomvi?

Vito ulivyopewa na wazazi, jamaa, hata na upande wa mume, ni stridhan, yaani mali yako binafsi. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba mume au wakwe waliokabidhiwa mali hiyo ni watunzaji tu, na wakikataa kuirudisha wanaweza kushtakiwa kwa jinai ya kuvunja uaminifu. Lakini benki haitakufungulia sanduku lisilo na jina lako, kwa hiyo tangulia na ushahidi.

Andika kila kipande, uzito wake kwa gramu, karati, aliyekupa na uhusiano wenu. Kanuni za 1985 chini ya Sheria ya Kupiga Marufuku Dahej (mali ambayo upande wa bibi harusi hudaiwa kuutolea upande wa mume) zinataka orodha kama hiyo iandikwe wakati wa ndoa na isainiwe na bibi na bwana harusi. Familia nyingi huiruka kwa aibu, na aibu hiyo hugharimu. Kama haikuandikwa, kusanya risiti za sonara na picha za harusi ambamo vito vinaonekana wazi. Vito vipya vya dhahabu vina HUID, yaani alama ya utambulisho iliyochongwa kwenye kipande, yenye jumla ya herufi na tarakimu 6. Kundan na polki (vito vya kienyeji vya mawe yaliyopachikwa kwenye dhahabu) zimesamehewa alama hiyo, hivyo picha za karibu ndizo zitakazokuokoa.

Kisha subiri harusi ya ndugu au sikukuu, uombe vito kwa ujumbe wa simu ukivitaja kimoja kimoja. Jibu la "nitakutolea Jumamosi" tayari ni ushahidi kwamba anavyo. Ukivipata, viweke katika sanduku lililo kwa jina lako. Asipovitoa, hakimu anaweza kuamuru virudishwe chini ya kifungu cha 19(8) cha Sheria ya Kuwalinda Wanawake dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2005.

Nyumba ni ya baba mkwe. Tukigombana ananiambia niondoke. Nina haki gani?

Umiliki huna, ila unayo haki ya kukaa. Kifungu cha 17 cha sheria hiyo ya 2005 kinalinda makazi ya pamoja hata kama jina lako haliko kwenye hati, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba nyumba ya wakwe nayo inaweza kuhesabiwa humo. Kukutoa kunahitaji utaratibu wa kisheria. Maneno ya hasira hayatoshi. Haki hii ina mipaka, kwani wazee nao wana haki ya utulivu, na mahakama inaweza kuamuru upangishiwe makazi mengine ya hadhi ileile.

Usisaini karatasi yoyote inayosema umeondoka kwa hiari. Badilisha anwani ya Aadhaar (kitambulisho chako cha taifa) na ya benki iwe ya nyumba hiyo. Hali ikichafuka piga 181, simu ya msaada kwa wanawake, au mwone Afisa wa Ulinzi wa wilaya, aliyewekwa na sheria hiyo kuwasaidia wanawake, aandike taarifa ya tukio, kisha ombi liende kwa hakimu chini ya kifungu cha 12. Sheria inataka kwa kawaida shauri litajwe ndani ya siku 3 na lijitahidiwe kuisha ndani ya siku 60, ingawa foleni za mahakamani hufanya liwe refu zaidi. Kwa hiyo omba amri ya muda siku ileile ya kwanza. Wakili usimlipe kabla ya kufika ofisi ya msaada wa kisheria ya wilaya: mwanamke hupewa bure, awe na kipato au asiwe nacho.