Kwa Nini Slabu Ilipasuka Kabla ya Alasiri?

SWALI: Mhandisi, assalaam alaykum. Mwezi wa Januari tulimimina slabu ya ghorofa ya kwanza ya nyumba yetu hapa Lamu. Kazi ilianza saa mbili asubuhi na kumalizika adhuhuri, na upepo wa kaskazi ulivuma kutwa nzima. Kabla ya alasiri tuliona nyufa nyembamba zimekatiza mshazari juu ya zege. Fundi anailaumu saruji, na muuzaji wa saruji anaulaumu mchanga. Ni nani msema kweli, na je, slabu ivunjwe? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni sababu ya kuilaumu saruji wala mchanga. Nyufa zinazotokea saa chache baada ya kumimina, zege likiwa bado bichi, kwa kawaida husababishwa na maji kukauka juu ya uso wake kwa kasi kuliko yanavyopanda kutoka ndani. Kokoto na mchanga huzama kidogo kidogo, maji yakapanda juu, na maadamu uso unang'aa kwa unyevu hakuna hatari kubwa. Mng'ao huo ukitoweka mapema, tabaka la juu husinyaa ilhali zege la chini yake halijasinyaa, na kwa kuwa halijapata nguvu yoyote ya kustahimili kuvutwa, hupasuka.

Wahandisi hukadiria kwamba hatari ni kubwa pale ambapo kila mita moja ya mraba inapoteza takribani lita moja ya maji kwa saa, na tahadhari inafaa kuanza hata kwenye nusu ya kiasi hicho. Jua huchangia, lakini upepo ndio unaosahaulika zaidi. Kaskazi, ambayo huvuma kwetu tangu Desemba hadi Machi, huondoa unyevu juu ya slabu iliyo wazi bila kizuizi, nanyi mlimaliza kumimina wakati jua liko utosini.

Kabla ya kukubali maelezo yangu, chunguza nyufa zenyewe. Zikiwa zimefuata mistari ya nondo moja kwa moja, chanzo ni kingine: zege lilizama pande zote mbili za nondo likazuiwa juu yake, jambo linalotokea hasa zege likiwa na maji mengi au lisiposhindiliwa vizuri kwa vibreta, yaani mashine ya kulitetemesha.

Usiivunje slabu kwa sababu ya nyufa hizi peke yake. Mwaga maji juu, kisha utazame kwa chini: yakivuja, au ufa ukizidi upana wa milimita 0.3, mwite mhandisi aikague, na huenda akashauri nyufa zijazwe gundi ya epoksi. Zile fupi zisizopenya zisafishwe vumbi na kuzibwa. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi ikipita kwenye ufa na kufika kwenye nondo, kutu huanza kuzila na hatimaye zege linabanduka.

Kwa slabu itakayofuata, anza kumimina alasiri jua linapopoa, ili saa za mwanzo za zege ziangukie jioni na usiku. Lowesha kabla mbao za fomu, yaani zile zinazolishikilia zege, na kama mnatumia kokoto za matumbawe, zilowesheni pia, kwa maana zina vinyweleo vinavyonyonya maji ya mchanganyiko. Simamisha turubai upande unaotoka upepo. Uso ukishasawazishwa, ufunikeni mara moja kwa karatasi la nailoni lililobanwa kingo zote, mkilifunua sehemu ndogo tu inayopigwa mwiko. Nyufa zikianza kuonekana zege likiwa bado laini, fundi anaweza kulishindilia na kulisugua upya kwa kibao zikafungika, ila fursa hiyo ni fupi mno.

Nawasihi mafundi wetu waache desturi ya kunyunyiza maji juu ya zege na kuyachanganya kwa mwiko ili lilainike. Tabaka hilo la juu hudhoofika na baadaye hutoa vumbi. Vilevile, maji ya mchanganyiko yasizidi lita 25 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, mkihesabu pia unyevu uliomo mchangani. Zege likishakaza, lidumishwe likiwa na unyevu kwa siku 7 angalau, chini ya magunia yaliyolowa. Na kazi hii isingoje asubuhi ya pili.

SWALI: Sakafu ya ua wetu ilikuwa nzima kwa miezi kadhaa, sasa ina ufa mmoja mrefu katikati. Je, ni tatizo lilelile? (Msomaji, Malindi)

JIBU: Yaelekea si hilo. Zege lililokwisha kukaza huendelea kupoteza unyevu na kusinyaa polepole, wakati mwingine karibu nusu milimita kwa kila mita, na sakafu kubwa isiyo na viungo, yaani mikato ya makusudi inayouongoza ufa, hujichagulia mahali pa kupasukia. Sakafu ya unene wa milimita 100 ikatwe viungo kila baada ya mita 2.5 hadi 3.5, kwa kina cha robo ya unene wake, kabla ya saa 24 kupita. Ikiwa upande mmoja wa ufa umeshuka kuliko mwingine, basi udongo wa chini haukushindiliwa ipasavyo, na kuziba ufa hakutasaidia mpaka udongo huo utengenezwe.