Jibu: Ngoma za asili Myanmar uone wapi

Mkuu, umeuliza kule Mandalay, mji wa Myanmar, uone nini cha asili bila kuangukia shoo za watalii tu. Hizo shoo usizidharau sana, Mandalay Marionettes, kundi la maonyesho ya wanasesere, ukumbi wao ni mdogo unakaa karibu kabisa, unaona mkono wa mtu unavyochezesha mdoli wenye nyuzi hata 18, zamani kwa wafalme seti kamili ilikuwa wanasesere 28.

Ila utamu wenyewe ni zat pwe, maonyesho ya jukwaani, hizi zinapigwa kwenye sherehe za pagoda, zinaanza usiku zinaenda mpaka kunakucha, mchezo wa kuigiza, wachekeshaji, ngoma, yaani watu wanakuja na mikeka na blanketi, watoto wanalala hapohapo. Wewe kaa karibu na hsaing waing, yaani kundi la wapiga muziki, humo jamaa mmoja anakaa katikati ya ngoma 21 zimemzunguka, na kuzitiunia anapaka ubandiko wa wali na majivu juu ya ngozi, akizidisha ubandiko sauti inakuwa nzito zaidi 😄

Pagoda unavua viatu NA soksi. Halafu kabla ya tiketi cheki hali ya usalama, tangu mapinduzi ya 2021 kuna vita, na tetemeko la Machi 2025 liliipiga Mandalay vibaya.