Nasaha imefuata nini kwenye ushauri?

Swali: Mimi ni muuguzi, naishi Pasua, Moshi. Najiandaa kuomba nafasi ya shahada ya uzamili ya "genetic counselling", yaani kuwashauri watu kuhusu magonjwa ya kurithi, Afrika Kusini. Barua ya kujieleza naiandika kwanza kwa Kiswahili, kisha nitaitafsiri. Niandike "ushauri nasaha wa vinasaba" au "ushauri wa jenetiki"? Naambatanisha sentensi moja.

Jibu: Andika ushauri wa jenetiki, dada. Vinasaba, neno lililotokana na nasaba, yaani ukoo, tumeshalizoea kwa DNA; tumwachie Mkemia Mkuu na kesi za baba wa mtoto.

Lakini hiyo nasaha imefuata nini? Shauri limetoka Kiarabuni, nasaha vilevile, na siku hizi yote mawili tunayatumia kwa maana ileile. Anayesema "ushauri nasaha" amevaa kandambili juu ya viatu. Zahanati zililibandika milangoni enzi za upimaji wa VVU, na sasa halibanduki.

Sentensi yako ndiyo iliyonipandisha presha: "Niliwatoa ushauri nasaha wazazi wenye mtoto wa selimundu ili wasizae tena."

Uliwatoa wapi, wodini? Kinachotolewa ni ushauri, wazazi hupewa. Hilo kosa dogo. Kubwa ni "ili wasizae tena". Sheldon Reed, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, alipoipa fani hii jina lake la Kiingereza mwaka 1947, alikuwa analikimbia jina la "usafi wa jenetiki", lililonuka siasa ya kuamua nani azae na nani asizae. Wewe unalirudisha kwa mlango wa nyuma, tena kwa watu wanaokupima kama unafaa! Shauri asili yake ni kujadiliana, ndiyo maana tuna kushauriana. Hiyo "-ana" ndiyo kazi unayotaka kuisomea. Uamuzi ni shauri lao wazazi, ila usiwaambie kwa ile sauti ya "shauri yako".

Andika hivi: "Nilikaa na wazazi wawili, wote AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua. Niliwaeleza kwamba kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto SS, yaani mgonjwa, nusu AS kama wao, robo AA, asiye na jeni hiyo. Kisha niliwasikiliza." Usiandike "mtoto mmoja kati ya wanne" ukaishia hapo. Mzazi atadhani aliyezaliwa mgonjwa amemaliza zamu, watatu wanaofuata wako salama. Rusha sarafu: ikiangukia kichwa mara ya kwanza, haina deni la mwenge mara ya pili. Neno "kila mimba" ndilo linalobeba hesabu yote.

Na ufute "nina shauku kubwa ya kusaidia jamii". Kila mwombaji anayo. Weka daftari: tarehe, saa ulizokaa na familia, ulichoeleza, swali lililokushinda. Majina ya wagonjwa yasiingie humo. Barua ichotwe kwenye daftari hilo, maana kosa la Kiswahili ukilitafsiri linakuwa kosa la Kiingereza.

Kibao cha zahanati kiache kilivyo. Nimeshachoka nacho.