Jibu: Mume kahamishiwa Lugalo, kota bado, tuanzie wapi?

Dada, umesema mnatoka Songea, mzee kahamishiwa Lugalo, kambi ya jeshi ya Dar es Salaam, kota hamjapata, na mtoto yuko darasa la nne.

Anza na shule kabla hamjafunga mizigo. Uhamisho huanzishwa na mwalimu mkuu wa shule anayosoma sasa kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, na namba ya mtoto humo haibadiliki. Darasa la nne lina upimaji wa kitaifa, msicheleweshe.

Nyumba tafuteni Makongo, Mwenge au Kawe. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hutaka ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo usitume hela kwa picha za WhatsApp. Ukifika, angalia ukuta kwa chini, hasa nyuma ya kabati: rangi iliyobambuka kwa mstari ulionyooka ndicho kina cha maji ya masika. Fungua bomba uonje. Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu na yanakula masufuria. Kisha nunua LUKU ya elfu tano mwenye nyumba akiwepo, usome makato: deni la mpangaji aliyepita hukaa kwenye mita. Kodi ya jengo nayo hukatwa humohumo, kubalianeni mapema nani anaibeba.

Mkishahamia, mjumbe kwanza, halafu ofisi ya serikali ya mtaa mkajiandikishe. Mablanketi mazito yaacheni kwa bibi.