Muulize Mwalimu: Rafiki mkubwa akikuita vitani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko Birmingham, nafanya kazi ghalani. Saa ya chai mada ni ileile: Marekani ikiingia vitani, Uingereza ni lazima iifuate? Mwenzangu mmoja wa Mombasa hunimaliza kwa "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Anasema ukimkatalia mkubwa leo, kesho atakutupa. Nimjibu nini? Na huku nani huamua, waziri mkuu au Bunge? (Baba Zuhura)

JIBU: Marahaba, Baba Zuhura. Mwambie ndugu yetu wa Mombasa kwamba Uingereza ilishakataa, tena ikiwa na shida zake.

Mwaka 1965 waziri mkuu alikuwa Harold Wilson wa chama cha Leba. Pauni ilikuwa inayumba, na miongoni mwa walioishikilia isianguke ni Wamarekani. Rais Lyndon Johnson alikuwa anazama Vietnam, akataka bendera ya Uingereza ionekane kando ya yake. Hakudai jeshi kubwa, hata kikosi kidogo kingemtosha. Februari mwaka huo Wilson alimpigia simu usiku, akitaka kwenda Washington kuzungumza naye. Johnson akamjibu kwa ukali kwamba yeye hamfundishi mambo ya Malaysia, basi naye asimfundishe ya Vietnam, na kama anataka kusaidia alete askari.

Wilson hakupeleka kikosi. Ila tazama alivyokataa. Hadharani hakumlaani Johnson, alimtetea mpaka vijana wa mrengo wa kushoto wakawa wanamzomea yeye. Udhuru alikuwa nao: maelfu ya askari wake walikuwa wanailinda Malaysia dhidi ya Indonesia ya Sukarno. Na jambo ambalo wengi hulisahau, Johnson naye alimhitaji. Pauni ikianguka, wafanyabiashara wa fedha wangeigeukia dola nayo kuiangusha, na Washington ilitaka Waingereza wabaki Singapore. Anayekusaidia kwa faida yake mwenyewe hakutupi upesi hivyo. Walinuniana sana, lakini urafiki ukabaki.

Sasa mtazame aliyekubali. Aprili 1965 waziri mkuu wa Australia, Robert Menzies, alitangaza kupeleka batalioni Vietnam. Hofu yake ilikuwa ya kweli: Indonesia iko jirani, na Waingereza walikuwa hawategemeki tena upande ule wa dunia. Alitaka siku yakimfika, Marekani imkumbuke. Mwaka huohuo vijana wa miaka 20 wakaanza kuchukuliwa jeshini kwa bahati nasibu. Gololi zenye namba zinatiwa kwenye pipa, kila moja inasimamia tarehe ya kuzaliwa, pipa linazungushwa, gololi zinatolewa. Tarehe yako ikitoka, umekwenda. Aliyezaliwa siku moja baada yako yuko kwao anacheza kriketi. Nimefundisha historia maisha yangu yote, na lile pipa wanafunzi hawakulisahau hata waliosahau kila kitu kingine.

Waaustralia wapatao 60,000 walipita Vietnam, zaidi ya 500 wakafia huko. Halafu Julai 1969, vita vikiwa bado vinaendelea, Rais Nixon akasema kisiwani Guam kwamba marafiki wa Marekani barani Asia wajiandae kubeba wenyewe sehemu kubwa ya ulinzi wao. Wazia umempeleka mwanao, kisha unalisikia hilo redioni.

Kuhusu methali ya mwenzako, siipingi. Baada ya Septemba 11, 2001, nchi za NATO, umoja wa kijeshi wa Marekani na marafiki zake, zilitumia kwa mara ya kwanza kile kifungu cha kusema aliyempiga mmoja amewapiga wote. Rafiki alikuwa amepigwa nyumbani kwake, na aliyekwenda naye Afghanistan simlaumu. Iraq ilikuwa habari nyingine. Julai 2002, miezi minane kabla ya vita, waziri mkuu wa Uingereza, Tony Blair, alimwandikia Rais Bush wa Marekani kwamba atakuwa pamoja naye kwa vyovyote. Ukishasema hivyo, una lipi la kujadiliana? Wanajeshi 179 wa Uingereza walikufa kule. Kanada, ambayo sehemu kubwa ya biashara yake ni na Marekani, ilikataa Machi 17, 2003 kwa kinywa cha waziri mkuu wake, Jean Chrétien. Marekani ilikasirika, na malori yakaendelea kuvuka mpaka.

Swali lako la pili ni jepesi. Kisheria serikali ndiyo huamua, Bunge si lazima liulizwe. Lakini Blair aliliuliza, Machi 18, 2003, akashinda kwa kura 412 dhidi ya 149, ingawa wabunge wengi wa chama chake walimpinga. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo ilikuwa vigumu kulipita pembeni. Agosti 2013 waziri mkuu David Cameron alitaka kuungana na Marekani kuishambulia Syria, wabunge wakamkatalia kwa kura 285 dhidi ya 272, naye akasimama palepale akasema amesikia. Siku mbili baadaye Rais Obama wa Marekani akatangaza kwamba naye ataliomba Bunge lake kwanza, na mashambulizi yale hayakufanyika.