Maswali ya Wasomaji: Hema Kando ya Mto

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi na wanangu, wakazi wa Malindi, tunakusudia kupiga kambi kando ya mto karibu na bwawa la Ndakaini. Hema tulisimamishe wapi?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yetu. Bwawa hilo, lililojengwa kwenye Mto Thika chini ya milima ya Aberdare ili kulisha Nairobi, hubeba takriban mita za ujazo milioni 70 za maji. Nakusihi usisimamishe hema kwenye mchanga wa ukingoni, hata mbingu zikiwa safi, kwani mto huweza kufura kwa mvua iliyonyesha mlimani au kwa maji yanayofurika kutoka bwawani. Nyinyi mmeuona Mto Sabaki ukijaa tope ilhali Malindi jua linawaka. Tazameni takataka za mafuriko zilizonasa vichakani, mkae juu zaidi ya alama hiyo.

Baridi nayo msiidharau. Huko ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kikoi hakitoshi. Tandikeni kitu kizito chini, kwa kuwa ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na watoto ndio huumia kwanza. Maji ya kunywa yachemsheni.